Betri za Ganda la Dhahabu

Mwaka huo jua la Mwala halikuwa na huruma. Mto uliokuwa ukinywesha watu na mifugo ulibaki mchanga mtupu, na wanawake waliokwenda kuufukua kwa mikono walirudi na mitungi nusu, maji yenyewe yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Mbuzi walikonda hata mbavu zikahesabika. Punda waliokokota mikokoteni ya madebe walitembea vichwa chini kama waliofiwa. Ndipo wanawake kumi na wawili wa mwethya mmoja, kama Wakamba wanavyokiita kikundi cha kusaidiana kazi, walipoamua kuacha kulia na kuchimba kisima chao wenyewe.

Mwenyekiti wao alikuwa Mwongeli, mjane wa miaka arobaini na minane ambaye wengi walimwita Mama Winrose. Alikuwa mchapakazi, mwepesi wa miguu, na mkono wake haukujua kukunjwa. Hata hivyo, alikuwa na ila moja. Alikuwa radhi kumeza kaa la moto kuliko kusimama mbele ya watu na kutamka neno “nimeshindwa.”

Mchimbaji waliyemtegemea alikuwa Nzau, ndugu mdogo wa marehemu mumewe Mwongeli. Nzau alikuwa amechimba visima ishirini na kitu katika sehemu hizo, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimemdhuru. Tangu kaka yake azikwe, ndiye aliyekuwa akimlimia Mwongeli shamba kabla ya kulima lake. Mwenzake kazini alikuwa Masila, mwanamume wa miraba minne aliyekaa juu kwenye gogo la kuzungushia kamba, akishusha ndoo na kuipandisha.

Walipopita futi arobaini, jua lilishindwa kuwafuata. Shimoni mlikuwa na giza la kaburi hata saa sita mchana. Siku moja jiwe lilichomoka kwenye ufa ambao Nzau hakuuona, likapita kando ya sikio lake na kupasua karai. Winrose, bintiye Mwongeli aliyekuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River, aliposikia habari hizo alituma tochi. Haikuwa tochi ya kutafutia viatu chini ya kitanda. Ilikuwa nene, ya chuma, na mwanga wake ulipasua giza kama panga jipya linavyopasua mgomba. Ilitumia betri mbili za kuchaji, kila moja nene kama kidole gumba cha mkulima, zikikaa moja nyuma ya nyingine. Tatizo ni kwamba betri zilizokuja nayo zilikuwa zimezeeka. Baada ya majuma matatu zikafa.

“Shemeji,” Nzau alimwambia Mwongeli, “nenda Machakos kwa mzee Bartholomew, pale penye mafundi wa redio. Usinunue kwingine kokote. Mimi nikiwa kule chini, hiyo tochi ndiyo macho yangu.”

Jumatatu asubuhi Mwongeli alifunga safari. Duka la mzee Bartholomew lilikuwa dogo kama kizimba, halina kibao wala rangi mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa ameinamia redio iliyofumuliwa matumbo, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

“Mzee, habari ya kazi? Nataka betri za tochi. Zile za kuchaji, zenye nguvu kabisa.”

“Tochi gani?” aliuliza bila kuinua macho.

Mwongeli aliiweka mezani. Mzee aliifungua, akachungulia ndani, akaiwasha kwa betri zake mwenyewe na kutazama kijidude kilichoonyesha tarakimu.

“Hii inavuta sana,” alisema. “Ni kama ng’ombe aliyeshinda malishoni bila maji. Huwezi kumnywesha kwa kijiko. Kuna betri inayohifadhi moto mwingi lakini huutoa kidogo kidogo. Hiyo ni ya redio. Wewe unahitaji inayoweza kutoa moto kwa wingi bila kupata joto. Halafu ziwe pacha. Zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja. Ukichanganya yenye nguvu na dhaifu, yenye nguvu itaiburuta ile dhaifu mpaka ipasuke.”

“Sawa, mzee. Niuzie hizo pacha.”

Bartholomew alitoa betri mbili za ganda la kijani lisilokuwa na mbwembwe yoyote. Alizipima uzito kwenye mizani ndogo, kisha akazipima nguvu, moja baada ya nyingine. Alikunja uso. Akazirudisha kwenye droo.

“Moja imechoka. Si pacha hizi. Rudi Alhamisi, nitakuwa nimeletewa nyingine.”

“Lakini si zinawaka?”

“Zinawaka.”

“Basi niuzie hizo hizo. Nimetoka Mwala, mzee wangu.”

“Tochi inatumika wapi?”

“Kisimani. Shemeji yangu anachimba.”

“Basi ndiyo kabisa siuzi.” Alirudi kwenye redio yake. “Mtu akikuonyesha betri ya kimo hiki imeandikwa uwezo wa elfu saba, elfu nane, mkimbie. Miaka yangu yote katika kazi hii sijaona inayozidi elfu nne.”

“Na nauli yangu je?”

“Nauli utaipata tena, Mama.”

Mwongeli alitoka akiwa amefura kama hamira. Mfanyabiashara gani huyu anayefukuza mteja? Hakumkaribisha kiti, hakumsifia bidhaa, hakumwomba hata arudi kwa maneno matamu. Njia nzima alikuwa akiwaza jinsi atakavyosimama mbele ya wanawake wenzake mikono mitupu. Ndoo za mwisho alizopandisha Masila zilikuwa na udongo wa baridi, unyevu ukinuka. Maji yalikuwa karibu, na wanawake walikuwa wakihesabu siku kama mwanamke anayengoja kujifungua. Angewaambia nini? Kwamba mzee mmoja mwenye kiburi alimfunga mkono hadi Alhamisi?

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Hata kabla hajafika penye mabanda, Mwongeli alisikia sauti iliyofunika milio ya mbuzi na kelele za wauza nyanya. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa katikati ya uwanja, vipaza sauti viwili juu ya paa, na mbele yake kijana mtanashati mwenye miwani ya jua alikuwa akizunguka kama jogoo mpya uani. Jina lake, alivyojitangaza mwenyewe, lilikuwa Matthew, kutoka Athi River.

“Akina mama, akina baba, sogeeni! Betri elfu tisa mia tisa! Si elfu mbili, si elfu tatu! Hii ni betri ya wanajeshi! Unachaji leo, unasahau mpaka Krismasi! Ukinunua nne, chaja ni zawadi kutoka kwangu!”

Mkononi alishika betri zenye ganda la rangi ya dhahabu, mchoro wa radi ubavuni, ziking’aa juani hadi mtu akapepesa macho. Mwongeli alijikuta amesogea mbele. Tochi ilikuwa ndani ya kikapu chake.

“Niaje, mathe! Hiyo ni tochi ama ni bunduki?” Matthew alicheka, na watu wakacheka naye. “Lete tuijaribu hapa hapa. Mimi siuzi maneno.”

Alitia betri mbili za dhahabu, akaielekeza tochi ndani ya ghala lenye giza lililokuwa jirani, akabonyeza. Mwanga uliruka hadi ukuta wa mwisho na kuonyesha buibui waliolala darini. Umati ukaguna kwa mshangao. Matthew aliizima mara moja, kabla mtu hajahesabu hadi kumi.

“Kuna mzee aliniambia hakuna betri inayozidi elfu nne,” Mwongeli alisema.

“Huyo mzee anauza nini, mathe? Redio za Vita vya Pili? Dunia imehama, yeye bado anapanga mizigo!”

Kicheko kilipasuka. Mwongeli aliichukua betri moja na kuitia kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama gunzi la mahindi.

“Mbona haina uzito?”

“Ndiyo usasa huo! Simu za kwanza zilikuwa tofali. Ya leo si unaiweka kwenye sidiria na unasahau uko nayo?”

Jibu lilimvutia kuliko alivyotaka kukiri. Wanawake wawili wa mwethya walikuwa nyuma yake, na mmoja alimgusa bega akasema, “Chukua, mwenyekiti, mambo yaishe.” Mwongeli alichukua nne, pamoja na chaja ya zawadi. Alirudi kijijini amenyoosha shingo kama twiga.

Nzau alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, akinoa tindo. Alizipokea betri mbili, akazigeuza, dhahabu ikamulika uso wake uliojaa vumbi.

“Hizi ni za mzee Bartholomew, shemeji?”

Hapo ndipo Mwongeli alipokuwa na nafasi yake. Ulimi ulimcheza. Aliwaona wanawake wamesimama wakimtazama, nyuso zao zimejaa matumaini.

“Jana si nilitoka kwake?” alisema.

Halikuwa jibu la uongo, wala halikuwa la kweli. Lilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, rangi ni ile ile lakini mtoto hashibi. Nzau aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na kuzitia betri kwenye tochi. Alimwamini mke wa kaka yake kama alivyoiamini kamba yake.

Jumatano tochi ilianza kazi vizuri, lakini ndoo kumi hazijapanda ikawa imefifia na kuwa kama mshumaa unaokata roho. Nzau alipopandishwa alikuwa akipuliza kiganja.

“Shemeji, kitu hiki kinachoma. Kimepata joto kama sufuria.”

“Labda hazikujaa chaji,” Mwongeli alijibu haraka. “Nitazirudisha kwenye sola.”

Alizichomeka kwenye ile chaja ya zawadi, na alipozitoa moja ilikuwa ya moto na nyingine baridi kama jiwe la mtoni. Maneno ya mzee kuhusu pacha yalimgonga kichwani.  Lakini akajiambia kwamba siku moja tu ilikuwa imebaki, labda mbili, na maji yakishatoka hakuna atakayeuliza habari ya betri.

Alhamisi, jua likiwa utosini, Kalekye, mkewe Nzau, alifika na chakula cha mumewe, isyo ya mahindi na maharagwe ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Alilitua kivulini na kwenda kusimama na wenzake ukingoni. Kutoka futi sitini chini ilipanda sauti ya Nzau, imejaa furaha ya mtoto.

“Maji! Nayaona! Yanatoka kwenye ufa wa upande wa mashariki! Ngojeni nisogeze mwanga nione vizuri!”

Vigelegele vilipasua anga. Wanawake walikumbatiana, mmoja akaanza wimbo. Mwongeli alifumba macho na kumshukuru Mungu.

Mlio uliofuata haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa chupa iliyopasukia ndani ya gunia. Kisha ikaja sauti kali ya kufoka, kama ya nyoka mia, na baada yake yowe la mwanamume ambalo Kalekye alilitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Moshi mweupe mzito ulipanda kutoka kinywani mwa kisima. Ulikuwa na harufu kali ya kukereketa koo, iliyowafanya waliokuwa karibu warudi nyuma wakikohoa.

“Nzau! Shika kamba!” Masila alinguruma. “Shika kamba, ndugu yangu!”

Kamba ilitikisika mara moja, ikalegea.

Masila hakungoja ushauri wa mtu. Alitwaa leso ya Kalekye, akaichovya kwenye debe la maji ya kunywa, akajifunga puani na mdomoni. “Nishusheni,” alisema. “Nikivuta mara mbili, mtupandishe sote. Msiache gogo hata mikono ikikatika!” Wanawake walilishika gogo wote kwa pamoja. Walimshusha ndani ya moshi, wakimsikia akikohoa, kisha wasimsikie tena. Walipohisi kamba imevutwa mara mbili, walizungusha gogo huku wanalia. Uzito wa wanaume wawili uliwachuna viganja hadi damu ikapaka mti. Mwongeli ndiye aliyekuwa mbele. Hakusikia maumivu. Kitu pekee alichosikia ni sauti yake mwenyewe ikirudia ndani ya kichwa, “Jana si nilitoka kwake?”

Nzau alipofika juu hakuwa Nzau waliyemjua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua, vidole vitatu vikining’inia. Upande wa kulia wa uso ulikuwa nyama tupu. Alikuwa akivuta pumzi kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Kalekye hakulia. Alipiga magoti na kuanza kumfuta vumbi kwenye nyayo, kwani ndizo pekee zilizokuwa zima. Walimpakia kwenye gari la kubeba mchanga wakampeleka hospitalini Machakos.

Madaktari waliokoa maisha yake. Jicho la kulia halikuokolewa, wala vile vidole vitatu. Moshi uliunguza mapafu yake, na daktari alisema wazi kwamba mtu huyo asiingie shimoni tena, wala asinyanyue jembe.

Siku ya sita Nzau aliweza kusema. Mwongeli alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda, Kalekye upande mwingine, na Masila amesimama miguuni.

“Msimlaumu shemeji,” Nzau alisema kwa sauti ya kukwaruza. “Yeye alikwenda nilikomtuma. Ni mzee Bartholomew. Nilimwamini kama baba, naye ameniuzia kifo.”

Mwongeli alifungua mdomo.  Alimtazama Kalekye, akamtazama Masila ambaye mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, akaufunga mdomo.

Masila alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja kwa mafundi wa redio. Alimtukana mzee Bartholomew matusi ya nguoni mbele ya halaiki ya watu, akaokota jiwe na kuvunja kioo cha meza yake. Habari ina miguu mirefu. Kabla ya juma kwisha, Machakos hadi Mwala watu walikuwa wakisema kuna mzee anayeuza mabomu badala ya betri. Aliyekuwa amempa redio atengeneze alikwenda kuichukua ikiwa haijatengenezwa. Watu walihama upande wa pili wa njia wasipite mlangoni pake. Mzee hakumjibu yeyote. Alifagia vioo, akakaa kwenye kiti chake.

Mwongeli alihisi kila neno la uvumi huo kama msumari. Chakula kilimgeukia mchanga mdomoni. Kanisani aliposikia waumini wakimwombea Nzau na kumlaani “yule mwuaji wa Machakos”, alitoka kabla ya sadaka. Alijaribu kujipa moyo kwamba mzee yule angekuwa mkarimu zaidi siku ile, haya yote yasingetukia. Lakini dhamiri ni kama jino bovu, ukilisahau mchana litakukumbusha usiku. Jumatatu moja alizifunga zile betri mbili zilizobaki kwenye kitambaa, akaenda.

Mzee Bartholomew alimtambua mara moja.  Alivuta droo, akatoa bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, “Mama wa kisima, Mwala.” Ndani mlikuwa na betri mbili za ganda la kijani.

“Nilikungoja Alhamisi,” alisema. “Nilizipima mara mbili. Ni pacha.”

 Mwongeli alifungua kitambaa na kuziweka zile za dhahabu juu ya meza isiyokuwa na kioo. Mzee alichukua wembe akachana ganda la ya kwanza. Chini ya dhahabu mlikuwa na ganda jingine la buluu, limefifia, na chini yake chuma chenye kutu kilichokwaruzwa. Ilikuwa betri iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Ya pili aliitikisa sikioni kwanza. Alipoikata kwa uangalifu mkubwa, ilimwaga unga mweupe juu ya meza, na katikati ya unga huo ikalala betri nyingine ndogo, nyembamba kama kalamu.

“Elfu tisa mia tisa,” mzee alisema taratibu. “Hii haifiki hata mia tano. Na za aina hii ndizo ulizotia kwenye tochi inayovuta kama ile.”

“Mzee, kwa nini hukujitetea?” Mwongeli alilia. “Walipokutukana, kwa nini hukusema kwamba sikununua kwako?”

“Ningesema nini? Mtu aliyeungua hadaiwi risiti.” Alifuta wembe kwenye suruali. “Wanaonijua wananijua. Wasionijua, kelele zangu zingewafaa nini? Chukua hizi. Kisima hakijaisha.”

Mwongeli alirudi Mwala na kwenda moja kwa moja kwa Nzau, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini. Alimkuta ameketi uani, uso umefungwa bendeji. Kalekye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuponda kokoto, vumbi limemfunika hadi kope, kwani sasa yeye ndiye aliyekuwa akilisha watoto. Mwongeli hakukaa. Alisema yote wima, tangu droo ya mzee hadi kipaza sauti cha sokoni, hadi lile jibu la maziwa yaliyotiwa maji. 

Kalekye ndiye aliyesema kwanza, bila kupaza sauti.

“Ungesema tu, Mama Winrose. Ungesema, ‘nimezinunua sokoni.’ Nzau angezitupa pale pale. Neno moja tu.”

Nzau aligeuza uso ili jicho lililobaki limwone vizuri.

“Kila usiku kule hospitalini nilikuwa nikimlaani mzee wa watu,” alisema. “Nilimwomba Mungu amwunguze kama nilivyoungua. Sasa laana hiyo niirudishe wapi, shemeji?”

 Kesho yake Mwongeli alirudia ungamo lake mbele ya mwethya mzima na kuuacha uenyekiti. Hakuna aliyembembeleza abaki. Masila aliondoka mkutanoni kabla haujaisha. Alikwenda kununua kioo, akakipeleka Machakos na kukitia mwenyewe mezani kwa mzee Bartholomew, kisha akasimama pale mlangoni na kumwomba radhi mbele ya mafundi wote.

Lakini moyo wa Mwongeli ulikuwa haujapoa. Alizunguka masoko manne akimsaka Matthew, na soko la tano akasikia ile sauti. Gari lilikuwa lile lile. Betri sasa zilikuwa na ganda la fedha, na zilikuwa zimepanda cheo: “Elfu kumi na mbili! Hata kiwanda chenyewe kinashangaa!” Mwongeli alipenya umati, akapiga kelele kwamba betri hizo zilimtoa mtu jicho.

Matthew hakushtuka. Alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

“Pole sana, mathe. Mlizitia maji, ama mlizichaji na jiko? Mimi nauza betri, siuzi akili.”

Watu wakacheka, kama umati ulivyomcheka mzee Bartholomew siku ile. Mwongeli alimshika mkono mama mmoja aliyekuwa akinyoosha noti, akamsihi kwa machozi asinunue. Mama yule alijinasua taratibu. “Labda wenyewe hamkujua kuzitumia, dada,” alisema, akanunua mbili. Sauti ya Mwongeli, hata alipoipandisha hadi ikapasuka, haikuweza kushindana na vipaza sauti viwili. Gari liliondoka kabla ya saa tisa, likaelekea soko jingine ambako hakuna aliyelijua.

Kisima kilikamilishwa na wachimbaji kutoka Kalama, wakimulikiwa na tochi nyingine yenye zile betri za kijani. Hazikufifia wala kuchoma hadi ukuta wa mwisho ulipojengwa. Wachimbaji waliporudi kwao walipitia Machakos, wakamtafuta mzee wa betri hizo na kumwagiza nyingine. Walinzi wa usiku wakasikia kwa wachimbaji, wafugaji wakasikia kwa walinzi, na duka lile lisilokuwa na kibao likawa na foleni mlangoni, mzee Bartholomew ameinama tu, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, hamwiti mtu.

Maji ya Mwala ni matamu. Kila asubuhi Mwongeli huchota mtungi mmoja zaidi na kuutua langoni kwa Kalekye kabla ya kwenda shambani. Akirudi huukuta mtupu, umesuuzwa, umewekwa pale pale alipouacha. Tangu siku ya ungamo lile, Kalekye hajamwambia neno. Nzau huketi uani akivuta pumzi kwa taabu, na mtu akimuuliza betri ipi anunue, hugeuza lile jicho moja na kumjibu kwa sauti ya kukwaruza: nenda kwa asiyekuita, ndugu yangu, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.